Pengo Karibu na Mpini

Kisu nilichokikosea kuliko vyote kilikuwa kisu cha kukunja, kirefu kama kidole changu cha kati, chenye mpini wa pembe. Nilikikosea mimi, fundi, mtu ambaye watu wa mtaa wa Langoni humletea visu vyao awaambie ni vya wapi na vina thamani gani. Naandika habari zake kwa ruhusa ya mama yangu. Aliponipa ruhusa hiyo alinitaka nisijifanye mnyonge kupita kiasi, kwa sababu anajua nikianza kujilaumu huwa nataka nibembelezwe.

Nina duka la mlango mmoja, na mbele yake baraza ya mawe ambayo ndiyo ofisi yangu. Natia makali visu na mikasi, nafungua makufuli yaliyogoma, na nanunua vyuma vidogo vikuukuu nikavisafisha na kuviuza. Wateja wangu ni wachonga milango, wauza samaki, washonaji, na mara mojamoja mgeni wa ng'ambo anayetaka kitu cha kale cha kuweka mezani kwake. Katika vyote vinavyopita mikononi mwangu, napenda visu vya kukunja. Shoka halina siri. Kisu cha mfukoni kimekaa na mtu miaka mingi, kimelowa jasho lake, na kazi yote aliyoifanya imebaki pale kwa anayejua kutazama. Mimi nilijua kutazama. Nilikuwa nikilisema hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kisu kikuukuu sikifungui haraka. Kwanza nakishika kikiwa kimefungwa nikakitazama mgongoni, nione kama springi imelala sawa na mpini au imenyanyuka. Kisha nakiinua kwenye mwanga; mwanga ukipenya baina ya springi na ubavu wa mpini, kimechoka. Nakinusa. Kilichoishi baharini hunuka chumvi na kutu, na kilichoishi jikoni hunuka kitunguu. Ndipo natia ukucha kwenye mfuo wake nikakifungua polepole, nimekiweka karibu na sikio. Kizuri hutoa mlio mmoja mkavu kikifunguka na mwingine kikifungwa. Kibaya hukwaruza, au hakisemi kitu. Nautikisa ubapa kushoto na kulia kuona kama umelegea kwenye ribiti. Mwisho natafuta chapa, chini kabisa ya ubapa, kwa kioo cha kukuzia, maana siku hizi wako wanaogonga chapa ya kale juu ya chuma cha juzi. Chapa ya kweli imelika pamoja na chuma. Ya uongo herufi zake bado zina ncha.

Baada ya kukijua kisu, namtafuta mwenyewe. Mtafunaji wa tambuu huacha doa la kahawia la popoo. Fundi wa mbao humaliza ncha kabla ya mahali pengine popote. Mwenye kuchinja kuku hutunza makali yote sawasawa, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu anaogopa kumtesa kiumbe. Huu ndio mchezo nilioupenda zaidi, na ndio ulioniumbua.

Sasa niseme habari za mama, kwa kuwa kisu chenyewe kilikuwa chake.

Mama ana umri ambao yeye mwenyewe haujui sawasawa, na jicho lake moja lina mtoto wa jicho. Tangu nimjue ni msusi wa mikeka. Asubuhi, wanaume wakishatoka, alikuwa akikaa ukumbini na kuchana miyaa ya mkindu iliyokaushwa, jani baada ya jani, ziwe nyuzi bapa za upana mmoja. Kisha akisuka ukili, ule mkanda mrefu unaoviringishwa hadi utoshe kushonwa mkeka au msala wa kuswalia. Binti yangu alipochumbiwa, mama alianza kumsukia msala wa kwenda nao kwa mumewe. Alikuwa amevuka nusu wakati baba alipofariki. Eda ilipokwisha hakuugusa tena. Ukili ukakaa umeviringishwa ndani ya pakacha juu ya kabati, na mama akakaa ukumbini mikono mitupu.

"Zidole zangu hazina nguvu tena, mwanangu," aliniambia nilipomuuliza.

Msala haukunitia hofu, kwa sababu msala hununuliwa. Hofu yangu ilikuwa mama. Alianza kulala mchana, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa mgonjwa. Alianza kuuliza swali moja mara mbili katika mazungumzo yaleyale. Alikuwa amekaa palepale ukumbini na bado niliona anatuacha, na niliogopa sana. Nikajiambia kwamba akirudi kusuka, atarudi na yeye mwenyewe. Nikawa nampelekea vya kuchania: mkasi, wembe niliotia mpini, kisu cha jikoni nilichokinoa hadi kikanyoa nywele za mkono wangu. Alivishika kimoja kimoja akanirudishia. "Kizuri, ahsante," alisema kila mara, kwa sauti anayomjibia mtu aliyemletea pilau mbichi.

Vile alivyopoteza kisu chake ni kazi yangu. Kwetu mtu akifariki vitu vyake hutolewa sadaka, na mwosha maiti huwa na fungu lake katika nguo. Mimi ndiye mkubwa. Siku ya tatu, baada ya hitima, nilibeba sanduku la mbao la baba kama lilivyo, na ufunguo wake juu, nikampelekea mzee aliyemwosha. Sikulifungua. Niliona kupekua vitu vya marehemu ni utovu wa adabu, na nikiri pia kwamba nilipenda watu waseme nimetoa bila kuchagua. Mle ndani, chini ya kanzu za Idi, kulikuwa na kisu cha mama. Kilikaa humo kwa sababu lile ndilo sanduku pekee lenye kufuli, na nyumba ilikuwa na wajukuu. Hayo niliyajua baadaye sana. Na hata ningefungua sanduku siku ile ningekitoa vilevile, kwa kuwa kwetu kisu cha mfukoni ni kitu cha mwanamume, na hakuna ambaye angefikiri kuuliza.

Mwaka uliofuata, mnunuzi wa vyuma chakavu anayezunguka visiwani aliniletea ndoo yake, nichague kabla hajaipakia kwenda Mombasa. Baina ya bawaba na ndoana zilizooza nikaona mpini wa pembe. Akasema alikipata Chundwa.

Nilikipenda mara moja. Springi ilikuwa imelala vizuri, mwanga haukupenya, na kilipofunguka kilitoa ule mlio mkavu. Chapa ilikuwa imebaki herufi mbili na nusu ya nyota, imelika kihalali, nikaihukumu kuwa ya Ulaya, na hapo sikukosea. Hakikunuka chumvi. Kilinuka mafuta ya nazi. Kilichonishangaza ni makali. Karibu kabisa na mpini kulikuwa na pengo, upana wa dole gumba, kina cha unene wa ukucha, laini kama limepigwa msasa. Makali mengine yote yalikuwa karibu na yalivyotoka kiwandani. Na kwenye mpini, pembe ilikuwa imelika mahali dole gumba linapokaa, lakini ubavu wa pili, ule ambao kwa watu wengi hushikwa na vidole vinne.

Nikatoa hukumu. Mvuvi wa Chundwa, mtu wa mashoto, anayekatia nyuzi za nyavu karibu na mpini ili apate nguvu. Harufu ya nazi nikaieleza kwa kusema alikuwa mtu anayejua kutunza vitu vyake. Nilifurahi hadi nikatabasamu peke yangu barazani.

Kisha nikafanya ambalo kila fundi hulifanya. Kisu chenye pengo hakiuziki. Nikakifunga kwenye jiliwa, nikapitisha tupa, kisha mashine, kisha vinoo viwili, hadi makali yakawa mstari mmoja kutoka mpini hadi ncha. Ubapa ulipungua upana lakini ulimeremeta. Nikakilaza mbele kabisa, juu ya kitambaa chekundu.

Kila aliyekishika nilimpa habari za mvuvi wangu wa mashoto, na mvuvi huyo alizidi kunawiri kila nikimsimulia. Mwishowe alikuwa na mashua yake mwenyewe na wake wawili. Hata mama nilimsimulia, siku moja tukila chakula cha mchana.

"Pengo lalikuwa wapi?" aliuliza.

"Karibu na mpini."

"Ukalitoa?"

"Nimelitoa lote. Sasa ni kama kipya."

"Mashallah," alisema mama, akaendelea kuchambua miba ya samaki.

Mtu aliyenizindua alitoka Mbwajumali. Alikuwa mvuvi hasa, mwenye viganja vilivyopasuka, aliyekuja mjini kwa shughuli zake akawa anasubiri wakati wa kurudi. Alikiokota kile kisu, akakifungua, akachungulia ndani ya mpini, akatia ncha ya ukucha kwenye springi, akautazama ukucha wake. Mimi nilikuwa nimeshaanza hadithi. Aliniacha nimalize, kwa adabu.

"Kisu hichi si cha mvuvi, Bwana," alisema.

"Kwa nini?"

"Kisu cha baharini kina chumvi huku ndani. Hata ukisafishe mwaka mzima, haitoki yote. Hichi ni kikavu."

Nilichukia. Mtu hapendi kufundishwa kazi yake barazani pake, na jirani yangu muuza kahawa alikuwa anasikiliza. Nikamwambia habari za pengo, nikidhani nimemfunga mdomo. Akaniuliza lilikuwa wapi, nikamwonyesha. Akaweka dole gumba pale.

"Upana huu?"

"Huo huo."

Akacheka, si kwa ubaya. "Mvuvi hukata na tumbo la kisu, au na ncha. Hapa hakati mvuvi. Hapa hukata mke wangu, akichana miyaa. Kisu hukituliza juu ya goti, kikae hapo, mkono wa pili uvute mwaa. Palepale pamoya, kulla siku. Chake kina pengo kama hilo. Siku nikilinoa likaondoka, nami nitaondoka nyumbani."

"Na mashoto?" niliuliza.

"Basi ni mke wa mashoto."

Nilimjua msusi mmoja tu wa mashoto. Hula kwa mkono wa kulia, hutoa na kupokea kwa kulia, kwa kuwa alifundishwa hivyo utotoni kwa bakora. Lakini kuchana miyaa hakuna aliyemkataza, na hilo hulifanya kwa mkono anaoupenda mwenyewe. Nilimwona akichana mara elfu, nikiwa mtoto na nikiwa mtu mzima. Kisu chenyewe sikuwahi kukitazama. Visu vya watu nisiowajua nilivitazama kwa kioo cha kukuzia, na hiki kilikuwa mkononi mwa mama.

Nilifunga duka kabla ya alasiri. Muuza kahawa aliniuliza kuna nini, sikumjibu, na mpaka leo hajanisamehe. Nilikwenda kwanza kwa mwosha maiti, kwa sababu bado nilikuwa na tamaa kwamba nimekosea, na kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kukosea. Mzee alikumbuka vizuri.

"Naam, chalikuwamo kisu sandukuni. Nalimpa mume wa binti yangu, yuko Chundwa. Kuna neno?"

"Hapana neno," nilisema.

Nilimkuta mama ukumbini, ametoka kuswali. Nikaweka kisu mapajani pake.

Hakuuliza ni nini. Alikishika kikiwa kimefungwa, akapitisha kidole mgongoni, akakiinua karibu na sikio na kukifungua polepole. Miaka yote nilidhani ile ni mbinu yangu. Kikatoa mlio wake. Dole gumba lake la kushoto likakaa kwenye pembe, mahali palipolika, likaenea pale bila nafasi kubaki. Kisha kidole cha mkono wa pili kikashuka hadi mwanzo wa makali, karibu na mpini, kikazunguka hapo kikitafuta.

"Ndicho," alisema.

"Ulijua tangu siku ile niliposimulia."

"Nalijua. Mvuvi wa mashoto." Alicheka kidogo. "Nikangoja nisikie ana mashua ngapi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningalikwambia, ungaliweza kuliregesha pengo?"

Nikamuuliza kuhusu siku ya sanduku. Alisema siku ile alikuwa chumbani na wanawake wenziwe, na mlango ulikuwa wazi, akaniona nikipita nalo begani. Alijua kilichomo. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa wanaume waliokuja kwa hitima, nami nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba jambo la heshima.

"Ungaliona haya mbele za watu," alisema, "kuambiwa urudi na sadaka ya babako. Na yule mzee angalipewa kitu kisicho halali yake. Nikanena moyoni, Mola wangu, changu kilomo mle nami nimekitoa. Ikawa basi."

"Kitwae sasa, Mama. Ni chako."

Akakikunja akaniwekea kiganjani. "Nalikitoa. Mtu harudii sadaka yake, hata kwa kununua. Hukufundishwa chuoni?"

Nilifundishwa. Ila nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba mimi nilitoa kisichokuwa changu, kwa hiyo hakikuwa sadaka tangu mwanzo. Nilikuwa tayari kukiri kosa langu lote ili nimrudishie. Kumbe yeye alishalifunika siku ileile, kwa kukitoa yeye mwenyewe, na sasa kukiri kwangu hakukuwa na kazi. Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alinisikiliza, akasema kuna nafasi, maana kisu kimepita mikononi mwa watu wengine na sikukinunua kwa kujua. Nilirudi na jibu hilo karibu ya kukimbia.

"Hiyo ni ruhusa," alisema mama. "Si amri."

Nilikasirika. Nilimwambia anajinyima bure, kwamba sisi tunamtazama akizimika pale ukumbini kwa ajili ya kipande cha chuma, na nikatoka nikabamiza mlango, mtu wa umri wangu, nina mvi za ndevu. Nilifika hadi barazani kwangu nikakaa mbele ya duka lililofungwa. Nilikuwa na haya, na zaidi ya haya nilikuwa na uchungu, kwa sababu ilinijia kwamba angeweza kufa akiwa mikono mitupu vile, na aliyemnyang'anya ni mwanawe anayelipwa kwa kujua visu.

Nikiwa hapo ndipo nikakumbuka kitu kimoja cha maana nilichokifanya katika habari hii yote. Nililipima lile pengo. Kabla ya kulitoa, nikijidai na mvuvi wangu, nililipima upana na kina, nikajua lilianzia wapi na kuishia wapi, na lilivyoinama upande mmoja zaidi ya wa pili kwa sababu ya mkono wa kushoto. Nilikuwa nalo kichwani lote. Nilichokiondoa kwenye chuma ningeweza kujaribu kukitia kwenye chuma kingine.

Siku ya pili nilimpelekea kisu cha kukunja kutoka kwenye droo yangu, cha mpini wa pembe, urefu uleule. Nikamwomba msamaha wa mlango. Nikamwambia hiki hakikuwahi kuwa sadaka ya mtu yeyote, na kwamba nitakitia pengo.

"Pengo hutiwa?" aliuliza.

"Tujaribu."

Ilichukua alasiri kumi na kitu. Mashine sikuitumia. Nilikaa naye ukumbini na kinoo kidogo cha mviringo na maji kwenye bakuli, nikisugua palepale karibu na mpini. Kila baada ya muda nampa, naye anaweka kisu juu ya goti, anavuta mwaa, anaupima kwa vidole na kuutupa. Siku za mwanzo kila mwaa ulitupwa. "Chatafuna," alisema. Nikapunguza. "Sasa mwaa wanipotea mkononi." Nikainamisha upande. Wakati mwingine alinishika kidole akakiweka kwenye makali kunionyesha, kama mtu anayemfundisha mtoto alifu, nami niliyejifanya nimehitimu zamani nikafuata. Nikaanza kugundua kwamba haulizi tena swali mara mbili. Na ule usingizi wa mchana, sijui uliisha siku gani.

Katika siku hizo ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulitarajia. Kisu kile kila Alhamisi baba alikuwa akikinoa. Alikitoa sandukuni baada ya alasiri, akakinoa kwa mafuta ya nazi, akamrudishia.

"Pengo lile si mimi peke yangu," alisema. "Mimi nakata, babako anoa. Ndivyo lilivyokuwa."

Nililia. Nilikuwa nimekishika kinoo mkononi na nikalia hapo hapo, kwa sababu hadi wakati ule nilidhani nimeondoa alama ya mtu mmoja aliye hai, ambaye naweza kumwomba radhi. Mama aliniacha nilie. Nilipomaliza aliniambia nisisahau kufuta maji kwenye ubapa, utashika kutu.

Siku moja alivuta mwaa, akaupima, hakuutupa. Akavuta wa pili akauweka juu ya ule wa kwanza. Akaniambia nimteremshie pakacha.

Kisu cha zamani nilikihifadhi hadi yule mvuvi wa Mbwajumali alipokuja mjini tena. Nikampa kwa ajili ya mkewe, kiwe cha akiba. Akauliza bei. Nikamwambia hakina bei, kilishatolewa sadaka zamani, mimi nakifikisha tu. Akakifungua, akatazama yale makali yangu yaliyonyooka, akasema mkewe atahitaji muda. Nikamwambia najua.

Msala ulikwisha wiki moja kabla ya harusi. Mama aliniita, akautandaza mkekani, akaushika mkono wangu akaupitisha juu ya ukili, taratibu, kutoka upande wa kichwa. Nyuzi zote zilikuwa upana mmoja, hakuna uliozidi wala uliopungua. Karibu na upande wa miguu kidole changu kikakwama. Hapo zilivimba na kusinyaa kwa kiasi cha shubiri moja, kisha zikaanza kutulia, ingawa si kama za mwanzo.

"Kule kichwani ni babako," alisema mama. Akausogeza mkono wangu. "Na hapa ni wewe."

Binti yangu naye alikuwa ameiona ile shubiri moja. "Bibi, hapa si tufumue tu, tushone upya?" alisema. "Inaonekana."

"Iwate ionekane," alijibu mama.

Msala uko kwa binti yangu sasa, na nikienda kumtembelea hunitandikia huohuo nikiswali. Kisu kipya kiko kwa mama, kwenye kikapu chake, na amekwishaanza mkeka mwingine ambao hasemi ni wa nani. Kila Alhamisi baada ya alasiri hunipa nikinoe. Namuuliza kwanza kiasi gani, naye hunionyesha kwa ukucha, nami nasugua kiasi hicho tu.